Aliyelala Chini ya Kilima

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama wa kisiwa kimoja walikuwa na nyumba na mashamba kama sisi. Kiboko na Nyati ndio waliokuwa na nguvu kuliko wote. Walikata miti yote ya bondeni wapande muhogo, na haikupita miaka miwili, visima vya bondeni vikaingiwa na chumvi. Kikabaki kisima kimoja tu kitamu, kando ya msitu wa kilimani.

Wanyama wakaitana, wakaketi mkekani. Kidawa, paa mjane mwenye miguu kama vijiti, akachora kisiwa chao mchangani.

"Huku tulime. Huku tulishe. Kilimani tusiguse."

Kiboko akaukanyaga mchoro, pwaa!

"Kilima ni changu na Nyati! Kesho tunaingia na mashoka. Nani wa kutuzuia?"

Kidawa akasema kwa upole, "Si mimi, bwana. Lakini mmempigia hodi mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Aliyelala chini ya kilima. Njooni kesho maji yakijaa, mumsikie."

Asubuhi akawapeleka kwenye tundu la jiwe, msituni, upande wa baharini. Nyati akacheka, akainama, akatega sikio.

Huuuu... Tundu likapumua! Masikio ya Nyati yakapepea. Kisha ardhi ikatetema chini ya kwato zake, ndu! ndu! ndu!

"Mama yangu!" Nyati akaruka nyuma. "Ana ukubwa gani huyu?"

"Kisiwa kizima kimemlalia mgongoni," akajibu Kidawa.

Kiboko akajikaza, akainamia tundu. "Hodi, bwana mkubwa! Tukate?"

BRUUUH! Maji yakafumka tunduni, yakamlowesha uso mzima.

"Hataki! Jamani, hataki!"

Mashoka wakayaacha hapo hapo. Kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa mkekani, wamekunja miguu, wanauliza wengine wanaonaje. Wakapanga pamoja: muhogo bondeni, malisho kusini, na msitu usiguswe. Kila mmoja akakubali mbele ya wenzake.

Kikaja kiangazi kikali. Siku moja maji ya bahari yamekupwa, Kiboko akapita ufukweni, akaliona pango linaloingia chini ya kilima, na mawimbi yakijipenyeza ndani. Huuuu!

Akapanda mbio hadi kisimani, anahema. "Kidawa! Mwongo wee! Ni bahari tu ile!"

Kidawa alikuwa anateka maji. Hakukimbia.

"Ni bahari, bwana. Nilikuficha jina lake, ukubwa wake sikukuficha. Imeingia chini yetu sote, chini ya nyumba yako na yangu. Maji ya mvua yanayohifadhiwa na msitu ndiyo yanayoikalia juu isipande. Miti ikiisha, itapanda hadi kisimani, kama ilivyopanda bondeni. Hebu onja."

Akampa kata. Kiboko akanywa. Mwezi wa tatu bila mvua, na maji ni baridi, matamu!

Akatazama miguu yake minene. Akatazama ardhi aliyoikanyaga maisha yake yote bila kuiuliza kitu.

"Iko hapa? Hapa hapa nilipo?"

"Hapo hapo."

Kiboko akaiweka kata chini taratibu, akaondoka akinyata, mnyama mzima yule, kama anayepita penye mtoto aliyelala.

Basi jueni, wajukuu zangu: ardhi ya wote hupangwa na wote, na mwenye misuli naye akae mkekani.