Sadaka ya Liwali wa Mwangadi

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, palikuwa na mji uitwao Mwangadi, kando ya mto unaofurika kila masika. Siku moja ya gulio baruti ililipuka sokoni. Watu wakafa. Mmoja wao alikuwa Mwanamisi, binti aliyetumwa chumvi na mama yake.

Mji mzima ukamwendea Liwali. "Tunataka muuaji!"

Liwali hakuwa na muuaji. Lakini alikuwa na askari, na askari walikuwa na kamba. Jua halijazama, walikuwa wamekwisha kamata wanaume watatu.

Wa kwanza Komora, mchimba visima. Kosa lake? Nyumbani kwake palikutwa baruti ya kupasulia mawe.

Wa pili Shee, fundi cherehani. Kosa lake? Alimshonea kanzu mgeni ambaye hakuonekana tena.

Wa tatu Galgalo, mchunga ngamia. Kosa lake? Alizunguka sokoni asubuhi nzima bila kununua kitu.

"Tuwapeleke kwa hakimu?" askari wakauliza.

"Ushahidi hautoshi. Hakimu atawaachia," akasema Liwali.

"Basi tuwaachie?"

"Mna wazimu? Na kama ni wao?"

Wakatiwa kwenye boma la mtoni. Masika yakaja, yakapita, yakaja tena. Mtoto wa Komora, aliyeachwa akitambaa, akawa anachunga mbuzi. Na mama yake Mwanamisi, jina lake Hadhara, hakuacha kwenda barazani.

"Nani aliniulia mwanangu?"

"Tulia, mama. Tumewafunga."

Sikilizeni jibu hilo! Mama anauliza nani, wao wanamjibu tumefunga. Kana kwamba mlango uliofungwa ni jina la mtu.

Mwaka mmoja mto ukaja kwa nguvu, ukabomoa ukuta wa boma. Maji yakajaa ndani. Askari wakapiga mayowe, na wafungwa wote watatu wakatoka.

Komora alikimbia bila kutazama nyuma. Walimkamata kwake, tonge likiwa mkononi, na mwanawe amejificha nyuma ya mama akiuliza, "Mama, huyu nani?"

Shee hakukimbia. Alirudi majini, akarudi tena, akawabeba mgongoni askari wasiojua kuogelea. Alimbeba hata yule aliyemng'oa kucha.

Galgalo alipanda kilimani, matope mpaka kiunoni, akagonga kwa hakimu.

"Nani?"

"Galgalo, wa boma la mtoni. Nimekuja unihukumu."

"Toroka, mjinga wewe! Mimi sijakuona."

"Sikuja kutoroka. Nihukumu."

"Huna kesi kwangu."

"Hilo ndilo ninalolishtaki, kwamba sina kesi!"

Hakimu akafunga dirisha. Galgalo akakaa kizingitini mpaka askari wakamkuta.

Sasa, Mwangadi ilikuwa na desturi. Mafuriko makubwa kama yale yakipungua, Liwali hutoa sadaka ya shukrani, humwachia mfungwa mmoja. Mmoja tu. Watu wakakusanyika, na watatu wale wakasimamishwa mbele. Liwali akaona akichagua yeye atalaumiwa, basi akamgeukia Hadhara.

"Mama, mwenye msiba ni wewe. Taja mmoja. Wawili watarudi ndani."

Watu wakaanza kelele. "Shee! Shee ana utu!" Mwingine akacheka, "Utu gani? Anajipendekeza huyo! Mwachie Komora, ana mtoto." Mwingine, "Komora amekimbia! Asiye na kosa anakimbia nini?"

Komora akasema, "Nakimbia nini? Mngefungwa ninyi mngekaa? Mwanangu hanijui. Nitaje mimi, mama."

Shee akasema, "Ningeweza kuwaacha wafe maji. Sikuwaacha. Kama mtu anayeua ndivyo alivyo, basi sijui asiyeua yukoje. Nitaje mimi, mama."

Galgalo akasema, "Mimi usinitaje. Mimi si kibaba cha mchele nitolewe sadaka. Nikitoka hivi, kila nitakapopita watu watasema, yule ni muuaji aliyehurumiwa. Nataka kuulizwa, nijibu, watu wasikie. Lakini nikirudi boma lile, mama, sitatoka hai."

Akakohoa, na watu wote wakaona damu kiganjani mwake.

Hadhara akamgeukia hakimu, aliyekuwa ameketi kando ya Liwali. "Nani aliniulia mwanangu?"

"Sijui. Hawakuletwa kwangu."

Akamgeukia Liwali. "Nani aliniulia mwanangu?"

"Sijui."

"Hujui! Sasa umewafungia nini?"

"Kwa sababu sijui."

Hadhara akajipiga mapaja. "Mmeniibia mara mbili! Aliyelipua alininyang'anya mtoto, nanyi mmeninyang'anya jibu. Ikiwa muuaji ni mmoja wa hawa, mbona hamkunionyesha? Na ikiwa si hawa, anakula wapi leo? Kwa jina la Mwanamisi mmelala usingizi, mkaacha kumtafuta! Waachieni wote, au wahukumuni wote!"

Kisha Liwali akasema kwa sauti ndogo, "Desturi ni mmoja. Nikiwaachia wote, soko likalipuka tena, utawaambia nini akina mama wengine? Na ukikataa kutaja, watarudi wote watatu."

Basi tazameni. Akimtaja mmoja, anawarudisha wawili kwa mdomo wake mwenyewe. Asipotaja, anawarudisha wote. Akimtaja Komora, mtoto anapata baba. Akimtaja Shee, wema haukupotea bure. Akimtaja Galgalo, anamwokoa kwa kile alichokikataa. Na yeyote atakayemtaja, huenda ndiye aliyebeba ile baruti, na huenda hakuna kati yao aliyeibeba.

Askari wameshika kamba. Hadhara amefungua kinywa. Ninyi mnaonisikiliza, msinune, msiangalie chini, maana watu wa Mwangadi nao waliangalia chini.

Je, amtaje nani?