Leso Aliyoikalia Tunu

"Nimesema silii, Rukia! Itoe hiyo leso usoni mwangu!"

"Macho mekundu hivyo, halafu hulii? Pole, kaka yangu. Futa."

"Nikifuta nitakufuta wewe!"

Niliweka ungo wa kunde mezani kwa kishindo, wanangu wote wawili wakanigeukia.

"Leso haitangulii chozi," nikasema. "Rukia, kaa chini."

"Mama, hiyo nayo umeitoa wapi?" Faraji aliuliza. "Shuleni hatujafundishwa."

"Mngefundishwa na nani? Imezaliwa kwenye ukoo huu, na aliyesababisha izaliwe ni mama yenu mdogo, Tunu. Chambueni kunde, niwaambie ilivyoanza."

Tunu alikuwa Morogoro, anamalizia shahada ya uzamili ya ushauri nasaha. Kilichobaki ni mtihani wa leseni. Bila leseni, hata ukitundika shahada ukutani, huruhusiwi kumpokea mtu mwenye shida. Utabaki kuwashauri kuku. Sehemu ya kuandika alifaulu vizuri. Sehemu ya vitendo, yaani kukaa na mteja mbele ya msahihishaji, alikuwa ameshaanguka. Akianguka tena, atarudia mwaka mzima, na kituo cha afya kilichomwahidi kazi kilishasema hakitamngoja.

Sasa, wanafunzi walikuwa na uvumi wao: mteja akilia, umefaulu. Wenzake waliucheka. Tunu akauamini. Tena sisi hatukulelewa kwenda kutoa pole mikono mitupu. Basi akanunua leso, akazipiga pasi, akazitia marashi, akaanza mazoezi kwa watu wa nyumbani. Mama mkwe wake aliulizwa, "Mama, utoto wako ulikuwaje?" kwa sauti ya matanga, huku leso imeshafika kidevuni. Yule bibi akaenda kumwuliza mwanawe kama kuna ugonjwa anaofichwa. Muuza mkaa akabadilisha njia. Mimi nilimwambia waziwazi, "Tunu, utamtia mtu presha." Hakusikia.

Siku ya mtihani, mteja alikuwa Bi Kidawa, muuguzi mstaafu ambaye huitwa chuoni kuigiza watu wenye shida. Msahihishaji, Dakta Mbwilo, mwanamke asiyecheka ovyo, alikaa pembeni. Bi Kidawa akaingia, akaketi, akasema, "Nimekuja kwa sababu ya mume wangu."

Leso ikatoka. "Pole sana, mama. Lia tu."

"Nilie nini?"

"Kuondokewa na mwenza si jambo dogo."

"Ameondoka kwenda kunyoa!"

"Basi anakupiga." Leso nyingine.

"Mume wangu? Anaogopa hata paka."

"Machozi yanaponya, mama yangu. Usiyabane." Nyingine tena.

Bi Kidawa alizishika leso zote kama mchuuzi wa stendi. "Mwanangu, nikuulize. Nimekuja hapa kusikilizwa, au unafungua duka?"

Dakta Mbwilo akakohoa, akatazama saa. Tunu akaiona kazi yake ya kituoni ikichukuliwa na mtu mwingine. Alikuwa na mkoba uliojaa leso, na hakujua hata yule mama ana shida gani. Akanyoosha mikono, akazichukua leso zote, akaziweka kitini, akazikalia. Kisha akafunga mdomo.

Kimya kile, alinisimulia baadaye, kilimwuma kuliko uchungu wa uzazi. Lakini taratibu Bi Kidawa akaanza kusema. Mumewe amehamishiwa kazi Kigoma. Anapanga sanduku huku anapiga mluzi.

"Kigoma hainisumbui," alisema. "Kinachonisumbua ni huo mluzi. Kabla ya uhamisho huu, nyumbani kwangu sijawahi kumsikia akiupiga."

"Huo mluzi," Tunu akasema. Basi.

Bi Kidawa akafumba macho, chozi likashuka. La kuigiza au la kweli, hadi leo hatujui. Tunu akajiinua kidogo, akachomoa leso, imekunjamana na ina joto.

"Hii umeikalia?"

"Nimeikalia, mama."

Bi Kidawa akaitazama, akajifuta nayo hivyo hivyo. Dakta Mbwilo akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Alipogeuka tena, uso ulikuwa umekauka. "Umefaulu," akasema. "Lakini kumbuka, leso haitangulii chozi." Waliokuwa wakisubiri zamu mlangoni wakaidaka, ikafika hapa Tanga kabla ya Tunu mwenyewe.

Nilipomaliza, Rukia aliikunja leso yake, akaiweka kitini, akaikalia. Akamgeukia kaka yake.

"Haya. Umekuwaje?"

Rukia akangoja jibu. Hilo peke yake ni muujiza.

Faraji alichambua kunde kwanza. "Kocha ameniondoa golini. Kuna mtu kamwambia naogopa mpira. Eti naota usiku, napiga mayowe."

Rukia akainamia ungo wa kunde. Mtu huyo tulimjua sote mezani pale.

"Siyo huzuni," Faraji akasema. "Ni hasira. Na nimekukasirikia wewe."

Rukia aliinuka. "Nakwenda kwa kocha sasa hivi. Namwambia nilikuwa nakutania."

"Vaa viatu," nikasema.

Hakuvaa. Mlango ulijibamiza nyuma yake, tukamsikia akikimbia barabarani. Faraji akabaki anakitazama kiti cha dada yake. Kidevu kikaanza kumcheza. Akanyoosha mkono, akaichukua ile leso, ina joto bado, akapenga kamasi kwa sauti ya tarumbeta.

Leso haitangulii chozi.