Mwogopa Chaki

Wajukuu zangu, mmemsikia shangazi yenu akisema, "Mwogopa chaki hajui mpira," nanyi mnauliza chaki na mpira vilikutana wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kiwanda kimoja cha chai huko Tukuyu kilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na ndani yake meza moja tu ya mpira wa meza. Basi wakaweka desturi: anayeshinda anabaki mezani, anayeshindwa anashika chaki na kuandika ubaoni pointi za mchezo unaofuata.

Atupele alikuwa binti asiyeweza kutulia. Hata akingoja zamu, raketi ilimgonga gotini, ta, ta, ta. Alitaka jambo moja tu: kuwa msichana atakayekwenda Mbeya kukichezea kiwanda kwenye mashindano. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wote, lakini chaki aliiona aibu. Akifungwa alitoka nje, akauzunguka ukumbi hata kwenye mvua, mpaka zamu yake irudi.

"Kisa, nishikie," alisema kila mara.

Kisa, aliyefungasha naye majani ya chai, alifungwa karibu kila siku. Alishika chaki yake na ya mwenzake.

"Wewe umeolewa na ubao," wafanyakazi wenzake walimtania.

"Afadhali. Ubao haunifungi."

Siku ya kuchagua wa kwenda Mbeya wakabaki wao wawili. Atupele alianza kwa mipira yake ya kuzungusha, iliyowashinda wote. Kisa akairudisha. Kila ulikoangukia mpira, yeye alikwisha kufika. Atupele akaharakisha, akapiga wavuni, akaharakisha zaidi, akapiga nje. Akafungwa kumi na moja kwa saba.

Akaweka raketi, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Kisa akamwuliza.

"Kupunga upepo."

"Na mvua hii?"

Atupele akasimama. "Nani kakufundisha kurudisha mipira yangu?"

"Wewe."

"Mimi sijakufundisha kitu."

"Miezi minane nimesimama pale ubaoni, dada. Ukitaka kuzungusha mpira, bega lako linashuka kwanza. Kila mtu ana lake. Hata mimi ninalo, ila sijioni." Akamnyooshea chaki. "Njoo uniambie."

Atupele akaipokea. Kisa akaanza mchezo mwingine na fundi wa mashine. Miguu ya Atupele ilitaka kutoka, ikasogea, ikarudi. Kwenye pointi ya tano ikasahau.

"Unakanyaga mbele kabla ya kupiga kwa nguvu," akasema polepole.

Kisa akacheka. "Kumbe."

Zamu ya Atupele ilipoitwa, hakusogea. "Mpeni mwingine. Bado naangalia."

Kisa ndiye aliyekwenda Mbeya. Jioni zile Atupele alibaki ubaoni, vidole vyeupe. Na kila aliyefungwa akakimbilia mlangoni, alimzuia, akamtia chaki mkononi na kumwambia maneno mliyoyasikia leo: mwogopa chaki hajui mpira.