Mtoto wa Kumi

Alikuwapo mama mmoja aliyewahi zahanati kabla jua halijachomoza, binti yake mgongoni. Surua ilikuwa imeingia kijijini. Juma lile alikuwa amemzika mtoto wa jirani. Chanjo zilikuwa adimu, na wilaya ilikuwa imeahidi chupa moja tu, ya watoto kumi. Kwa hiyo akina mama walikaa kwenye benchi wakihesabu vichwa.

Wa tisa alipoketi, akatokea mwanamke wa kambi ya wachoma mkaa, amembeba mtoto ubavuni. Yule mama aliyewahi akasogeza kikapu chake, akaziba nafasi.

"Dada, hii ni ya watoto wa hapa. Na wa kitongoji cha juu bado hawajafika."

"Na wangu nimpeleke wapi?"

"Huko mlikotoka."

Wengine wakacheka kidogo. Mwanamke akakaza khanga yake, akaondoka. Ndugu zangu, msimhukumu haraka mama huyu. Nani kati yetu hajawahi kuogopa namna ile?

Saa nne muuguzi akatoka, akahesabu. "Tisa. Wa kitongoji cha juu wameambiwa chanjo imekwisha, hawaji. Na agizo la wakati huu wa uhaba ni moja: chupa haifunguliwi mpaka watimie kumi, maana nikishaichanganya haikai hadi kesho. Saa sita gari linaipeleka kijiji kingine."

"Nesi, tisa na kumi si karibu sawa?"

"Karibu, mama. Basi kamlete huyo mmoja."

Mama yule akamwachia mwenzake binti, akakimbia njia ya kambini, kandambili mkononi. Akamkuta yule mwanamke ameketi kwenye kalvati, daraja dogo la njiani, ananyonyesha.

"Rudi," akasema. "Bila wako, wangu hapati."

Mwanamke angeweza kusema mengi. Akasema, "Nimechoka. Nibebee."

Basi mama akarudi amembeba mgongoni mtoto aliyemfukuza, akisikia moyo ule mdogo ukidunda juu ya uti wake wa mgongo. Muuguzi alipoichanganya ile chanjo, benchi zima lilinyamaza kama tunavyonyamaza humu tukisali.

Nasi je? Tunaomba kila siku, huku tukihesabu nani asikaribie. Itakuwaje ikiwa Mungu ameiweka sehemu yako na ya yule uliyemziba nafasi katika chupa moja? Tazama pembeni yako, palipo wazi. Nani hayupo? Huenda tunachokililia kimeshafika, kiko mezani, kinamngoja yeye. Njia aliyoondokea tunaijua. Twende tukambebee mtoto.