Waya Uliokwepa Chumba cha Mama Mkwe

Bisha. Najua utabisha, hasa wewe uliyeweka vyeti vyako ndani ya plastiki. Lakini mimi niliyeachana na shule kidato cha pili, shule ikabaki inanililia, niliunganisha kompyuta nne za nyumba moja kwa hela ambayo wewe unaimaliza kwenye chipsi na soda. Huamini? Acha kusoma hapo hapo. Mtumie rafiki yako mwenye wakwe, yeye ataelewa.

Mambo haya yalitokea Tabora. Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Mihayo, karani mstaafu, maneno machache, suruali imenyooshwa pasi mpaka inakata. Alikwenda kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, akarudi na mkokoteni wenye kompyuta nne na printa moja. Kompyuta moja akaiweka sebuleni pamoja na printa, moja ukumbini, moja stoo, na ya nne chumba cha nyuma, kwa binti yake Kalunde. Nyumba ikaanza kuchapa kazi za watu: barua, mitihani, katiba za vikundi.

Tatizo lilikuwa printa. Anayechapa stoo akimaliza, anachomoa flashi na kukimbia nayo sebuleni. Kalunde naye anatoka nyuma mbio na ya kwake. Siku moja waligongana ukumbini, mteja akaondoka na katiba ya kikundi cha mazishi badala ya mtihani wa darasa la nne.

Sasa, huyo Kalunde ndiye niliyempelekea barua ya posa. Mshenga aliifikisha vizuri, imefungwa kwenye kitambaa. Wiki ya kwanza kimya. Mwezi wa kwanza kimya. Mwezi wa pili Mzee Mihayo akaniita.

"Kijana, nasikia wewe ni fundi."

"Fundi? Baba, mimi nikigusa redio iliyokufa, inaamka na kuomba msamaha."

"Sina redio. Nina kompyuta nne. Nataka zote zichapishe kwenye printa moja, mtu asikimbie. Fundi wa mjini aliniletea makadirio, nikaona ni mahari ya wasichana watatu." Akanionyesha karatasi ya makadirio. Ilikuwa imekunjwa chini ya mguu wa meza unaocheza. "Jumamosi adhuhuri nitakuja na mshenga wako. Zikiwa zimeungana, barua yako itajibiwa. Zisipoungana, ataondoka nayo."

"Baba, Jumamosi mbali. Nitamaliza Ijumaa, Jumamosi nitakuwa napumzika."

Alhamisi, kwenye duka la vifaa vilivyotumika, nikapata kile kisanduku kidogo cha kugawia mtandao, chenye matundu matano. Nikapata na nyaya tatu fupi zenye vichwa vya kuchomekea tayari, na vichwa vichache vitupu vya kubana kwa koleo langu. Waya wa nne nilipewa bure: kipande kilichobaki kwenye ujenzi, hakina vichwa, urefu wake hatua kumi na mbili. Kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma ni hatua nane. Nikaona umebaki hadi wa kuanikia soksi.

Ijumaa alasiri kompyuta tatu zilikuwa zinachapa kama zimezaliwa pamoja. Kalunde akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wee fundi, na yangu?"

"Yako ya mwisho, kama nyama kwenye sahani."

Hapo ndipo nikageuka kutazama njia ya ule waya wa nne.

Kati ya sebule na chumba cha nyuma kuna chumba kimoja. Chumba cha kulala cha wazazi.

Nyie wa mjini mnacheka, lakini sisi mtu akishaposa, haingii chumbani kwa mama mkwe. Hali chakula mbele yake. Akikutana naye njiani, anampisha. Tangu ile barua ifike, nilikuwa nimeshajitupa kwenye michongoma mara mbili nikimkwepa Mama Kalunde, na mara moja nilijifanya nguzo.

"Kitaalamu," nikamwambia Kalunde, "waya wa aina hii haupiti kwenye chumba chenye joto."

"Joto gani? Sema unamwogopa mama."

Mtaalamu hajibizani. Nikautoa waya kwa dirisha la sebuleni, nikazunguka nao nyumba: nyuma ya bafu, juu ya kuni, ndani ya banda la kuku, ili niingilie dirisha la Kalunde. Hatua kumi na mbili zikaishia bafuni. Nikaunga na waya wa redio. Nikaunga na waya wa kengele. Viungo saba, vyote nimevifunga kwa utepe wa gundi. Jumamosi asubuhi nikawasha kompyuta ya nne. Kimya. Nikaenda kukagua viungo, nikamkuta jogoo anavuta utepe kama anavuta mnyoo.

Nikiwa nimepiga magoti humo bandani, sauti ikatoka dirisha la chumba cha wazazi, nyuma ya pazia.

"Kuku wewe, hivi huyo mwenzako anatafuta mayai au anatafuta mke?"

Nikaganda. Nikamtazama kuku aliyekuwa karibu.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama natafuta njia ya waya."

"Kuku, mwambie njia ameizunguka. Iko hapa katikati."

"Kuku, mwambie mama mimi sina miguu ya kuingia humo."

"Nani kamwambia aingie yeye? Kuku, muulize, waya nao umeleta posa?"

Kuku akataga yai lake.

Nikasikia nyundo, nikakimbilia sebuleni. Nyumba ile ni ya tofali za udongo, msumari wa inchi sita unaingia kama kijiko kwenye ugali. Mara tundu la upana wa kidole gumba likafunguka ukutani, chini ya kalenda. Kisha nyundo ikahamia ukuta wa pili. Nikarudi nje nikakata viungo vyangu vyote saba, nikachukua kipande changu cha hatua kumi na mbili, nikakiingiza tunduni. Mtu asiyeonekana akakivuta, kikatokea chumbani kwa Kalunde.

Adhuhuri Mzee Mihayo akaingia na mshenga. Mshenga alikuwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuchukua maiti. Wakaketi mbele ya printa.

"Ya nyuma ichapishe," Mzee akasema.

Tukangoja. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi moja. Mzee akavaa miwani, akaisoma. Akaisoma tena. Akampa mshenga, naye akaisoma kwa sauti:

"Baba Kalunde, jibu barua ya watu. Miezi miwili inatosha. Ni mimi, Mama Kalunde."

Mzee Mihayo akatazama mlango wa chumba chake.

"Nani kamfundisha huyu kuchapa?"

Basi akamgeukia mshenga. "Vaa kofia yako, keti vizuri. Tuzungumze mahari." Kisha akanigeukia mimi. "Na hii kazi, umeifanya wewe?"

"Kwa mikono yangu yote miwili, Baba."

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa nzuri na mimi ningekuwa shujaa. Lakini kuna kipande nimekiruka, na kinaniwasha.

Waya ulipopita ukutani, kompyuta ya nne bado haikusema kitu. Ndani ya waya ule mna nyuzi nane za rangi, na lazima zipangwe kwa utaratibu wake kabla ya kubana vichwa. Mimi nilikuwa nimetangaza mtaa mzima kwamba utaratibu huo naujua kama jina langu. Ukweli, nilizipanga kwa uzuri wa rangi tu. Zile nyaya tatu nilizinunua zikiwa na vichwa, nilichofanya ni kuchomeka tu.

Ikiwa imebaki nusu saa kufika adhuhuri, Kalunde alikuja bila kunitazama, akachukua koleo langu la kubania, vichwa viwili, na waya mmoja wa dukani unaofanya kazi. Akaingia navyo chumbani kwa mama yake. Waya wangu nao ukavutwa, ukamezwa wote. Baada ya dakika kumi ncha zikatoka, moja kila upande wa chumba, zina vichwa vipya. Rangi zimenakiliwa kutoka waya wa dukani, ambao kichwa chake ni cha kuonyesha ndani na ulikuwa mbele ya macho yangu tangu Alhamisi.

Kumbe Mama Kalunde, kabla hajaolewa, alikaa miaka kumi na moja akiunganisha nyaya za simu za watu. Sikuwahi kuuliza.

Na niliposema "mikono yangu yote miwili", alikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake, anasikia. Hakukohoa hata kidogo.

Funzo: Adabu inakukataza kuingia chumbani kwa mkweo, haikukatazi kuuliza anachokijua.