Mama Mzazi wa Mbaruku

Tajiri Mbaruku alimtamani sana mbuzi jike wa jirani yake, mjane Mwamvita. Asubuhi moja alifika kwake na kamba.

"Mwamvita, nimeota. Roho ya marehemu mama yangu imo ndani ya mbuzi wako. Nimekuja kumchukua."

"Sisi tunaamini wafu wamelala makaburini wakingoja kufufuliwa," alisema Mwamvita.

"Hayo ni yenu. Kwetu sisi, roho hurudi ndani ya wanyama."

"Basi siwezi kukunyima mzazi wako. Ila apa mbele ya majirani, wasije wakanisingizia kwamba nimemuuza mama wa mtu."

Majirani wakaitwa. Mbaruku akaapa kwa sauti kubwa, "Huyu ndiye mama yangu mzazi!" Kisha akamfunga mbuzi kamba.

Mwamvita akaingia zizini, akatoka na beberu mzee anayenuka.

"Bwana Mbaruku, huyu ndiye mume wa mama yako. Mpe shikamoo baba yako wa kambo. Tena mama ni mjamzito, karibu utapata wadogo zako."

Majirani wakaangua kicheko. Beberu akanyoosha shingo, akangoja.

Mbaruku akafungua kamba haraka.

"Ile ndoto sikuielewa vizuri," alisema. "Mama yuko peponi."