Sahihi ya Mguu wa Perpetua

Hapo zamani, ila si zamani ya kusahaulika, katika kijiji cha Lukenge, milimani Uluguru, alikuwako mtoto wa miaka minane, Perpetua binti Damasi, ambaye mguu wake wa kushoto ulipinda tangu kuzaliwa. Mama yake, Agripina Mloka, alikwisha kufa. Daktari wa mifupa alikuwa akija hospitali ya misheni, bondeni, wiki moja tu kwa mwaka. Alisema mguu ule utanyooka, mradi familia ikubali na mmoja wao atie sahihi.

Kazi ya kuwakutanisha alipewa Bi Skolastika Kunambi, afisa ustawi wa jamii. Alidhani ni kazi ya siku moja.

Fomu ya hospitali ilitaja baba, basi akamwandikia baba barua, Damasi Simoni Mbena. Jumatatu watu wakaja, wakakaa, wakanyamaza. Mjomba wa mtoto, Kolumba Mloka, akabaki amesimama mlangoni.

"Mjomba, karibu kiti," alisema Skolastika.

"Kiti cha nani? Barua imekwenda kwa Damasi. Mimi ni mpita njia."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba asipofungua kinywa, kikao hakifunguki. Skolastika, Mluguru mwenyewe, alilijua hilo tangu utotoni. Fomu ilimsahaulisha. Watu wakanywa togwa, wakaondoka.

Akateremka mlima, akamwandikia mjomba, akapanda tena. Jumatano Kolumba akakaa, akafungua kikao vizuri kabisa. Damasi akachukua kofia yake.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Shambani. Leo nimekuwa mgeni wa mtoto wangu."

"Na ulipohamia bondeni kuoa mke mwingine, ulikuwa nani wake?"

Damasi akavaa kofia, akatoka. Togwa ikanywewa tena.

Skolastika hakuteremka. Akaandika barua mbili palepale, kwa wino mmoja, akahesabu hata maneno ili zisizidiane. Alhamisi wote wawili wakaja, wakakaa, wakakubali. Akatoa kalamu.

"Mtoto yuko wapi?"

Hakuwapo. Bibi yake, Teodosia, mama yake Agripina, aliyemlea na kumbeba mgongoni kila asubuhi kwenda shule, alikuwa amemchukua wakapanda hadi shamba la juu, karibu na msitu.

"Bibi aliandikiwa?" mtu akauliza.

"Hajui kusoma," alisema Damasi.

"Masikio pia hana?"

Wote wakamtazama Skolastika. Alitamani kumpiga mtu, na kila alipotafuta wa kuanza naye, alijikuta mwenyewe.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Daktari angeondoka adhuhuri. Alfajiri Skolastika akapanda hadi shamba la juu. Akawakuta wanapukuchua maharage.

"Bibi, mbona ulimficha mtoto?"

"Sikumficha. Mwanangu Agripina alipelekwa hospitali hiyohiyo, akarudi ndani ya sanduku. Mlitaka nimtoe na huyu, bila hata kuniambia?"

"Sasa nimekuja kukwambia, Bibi."

"Sasa nimesikia. Twende."

Bibi akambeba mtoto mgongoni, wakaanza kuteremka. Maneno machache namna hiyo, na wiki nzima ilikuwa imekwisha kwa kukosa kusemwa.

Walifika hospitali saa tano na robo. Damasi na Kolumba walikuwa wamekwisha kufika. Nesi akaleta fomu. "Atie sahihi mmoja tu. Atakayetia ndiye atakayekaa na mtoto miezi sita ya plasta, na ndiye atakayekuwa mlezi wake baadaye."

"Ukoo ni wangu," alisema Kolumba. "Nisipotia sahihi mimi, atapona awe mtoto asiye na kwao. Nimekuja na wabebaji wanne na machela ya kumpandisha."

"Nimemzaa mimi," alisema Damasi. "Nilimwacha, sikatai. Lakini nyumba yangu iko dakika kumi kutoka hapa. Plasta ikimbana, shemeji, machela yako itamfikisha lini?"

"Mimi sina maneno," alisema Bibi Teodosia. "Nimembeba miaka minane. Kidole gumba changu hiki hapa."

Nesi akatazama saa ya ukutani. Ndipo Skolastika akakumbuka kwamba kuna mtu mwingine ambaye hakuandikiwa barua wala kuulizwa. Akainama.

"Na wewe, Perpetua, unasemaje? Atie nani?"

Mtoto akawatazama mmoja mmoja, kama anayechagua mtu wa kutuma dukani.

"Atie anayejua kuandika haraka," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa, na kalamu ilikuwa mkononi mwa Skolastika.

Basi ninyi mliokaa mkasikia: mstari ni mmoja, na saa ile haimsubiri mjomba wala baba wala bibi. Msiseme wote watatu. Hilo nesi amekwisha kulikataa. Je, nani alistahili kupewa kalamu?